Gurami wa Nyumba ya Kitonga

Jamhuri,
12 Januari 2025

Mwanangu Nzisa,

Habari za Kinoo? Natumaini vumbi la barabara halijakumaliza kifua, maana mimi nimezaliwa huko na nalijua vizuri. Ona maajabu, wewe umehamia kwetu na mimi nimehamia kwenu. Huku tu wazima. Goti linamsumbua baba yako, lakini ukimuuliza anakuambia labda ni goti la jirani.

Najua tangu Septemba hupokei simu zangu, ndiyo nikaamua kuandika. Barua nimempa Jamleck, yule anayeuza samaki wa mapambo pale Dagoretti Corner, kwa sababu kibanda chake na duka la dawa unakofanya kazi ni mlango kwa mlango.

Nzisa, samaki wako wanauana. Yule mkubwa wa bluu, yule mliyemwita Chifu, amekuwa jambazi. Anawafukuza wenzake asubuhi mpaka jioni, anawauma mapezi, hata chakula wanakiogopa. Wiki jana yule wa manjano alikufa. Nilimkuta ameelea, mkia umeliwaliwa. Wamebaki majike wawili na wote wamejibana kwenye kona karibu na hita, wanaogopa hata kupanda juu kuvuta hewa. Jamleck ameniambia hao ni gurami, lazima wapande juu wapumue, la sivyo wafe. Ameniambia pia nikuulize wewe, kwa sababu hilo tangi ulilipanga kwa mkono wako.

Baba yako hukaa mbele ya hilo tangi kila jioni na gazeti lake. Juzi nilimwona amelikunja gazeti, anamtazama Chifu tu. Nakuomba uniambie la kufanya.

Ni mimi,
Mama Wanjugu

*

Kinoo,
15 Januari 2025

Kwako Bi. Wanjugu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Usiniite mwanangu.

Yule wa manjano alikuwa wa mama yangu. Alimchagua mwenyewe, akiwa tayari hawezi kusimama, mimi na baba tukimshika mkono huku na huku hapo kwa Jamleck. Ungeniambia mapema.

Nakuuliza swali moja na unijibu ukweli: umetoa nini ndani ya tangi? Mimi niliacha vyungu vinne vya udongo vilivyokatwa nusu, kipande cha mti, na majani yanayoelea yamefunika juu karibu nusu ya maji. Chifu nilikaa naye miaka mitatu na hakuua mtu. Gurami dume akiona kila pembe ya tangi kwa mtupo mmoja wa jicho, anajua kila pembe ni yake.

Fanya hivi. Mtoe Chifu, mweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilohilo, funika na kifuniko chenye matundu maana anaruka. Akae siku tano. Akiwa nje, rudisha vyungu na majani, na uvipange tofauti na mwanzo. Wale majike waachie wazoee. Halafu yeye arudi wa mwisho, akute nyumba haitambui.

Mwambie baba nimemsalimu.

Nzisa Kitonga

*

Jamhuri,
23 Januari 2025

Nzisa,

Nimesikia, sitakuita hivyo. Wewe hujambo? Kazi inaendelea? Sisi tunaendelea.

Nakujibu ukweli. Nilitoa kila kitu. Mwezi wa Desemba akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kwa maombi, na mimi nikiangalia lile tangi naona vigae vilivyovunjika na majani yameoza. Nikasema, ngai, watu watasema nyumba ya Kitonga imemshinda Wanjugu. Nikaingiza mikono, nikatoa vyote, nikasugua kioo mpaka kikang'aa. Majani nilitupa kwenye shimo la taka. Wageni walisifu sana. Kumbe siku ile ndiyo niliwaanika wale samaki uwanjani.

Sasa sikia nilivyomkamata huyo Chifu wako. Neti ya samaki sikuiona, nikachukua kichungi cha chai. Nusu saa! Nimeloa mpaka kiunoni, naye ananizunguka tu, mpaka nikaanza kumtukana kwa Kikikuyu. Nikampata, akaruka, akatua juu ya zulia. Baba yako akainua miguu akaiweka kwenye kochi kama aliyeona nyoka, ati "Wanjugu, huyo ni wa kukaanga au wa kuangalia?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa hajatania tangu uondoke.

Vyungu nimevirudisha, nilikuwa nimepandia maua. Majani mapya nimeyapata kwa Jamleck.

Nilitaka kuishia hapo lakini sijui kunyamaza. Wazee wa akina Nzioka, mchumba wako, walikuja Jumamosi, wakakubaliana na baba yako kwamba ntheo yako, hiyo siku ya kuleta mbuzi wa posa, iwe tarehe ishirini na sita Aprili. Nilifurahi, nikawapikia. Halafu baba yako akaniambia umesema mama yako mdogo, Kalekye, ndiye atakayekaa kiti cha mama na kupewa blanketi na wakwe, na kwamba mimi nikiwepo hapo nyumbani hakuna ntheo. Naye akakujibu kwamba bila mimi mbuzi hawaingii kwake. Sasa hamsemezani tena. Nzisa, sikukuandikia kwa ajili ya hilo, lakini naona mimi ndiye nimesimama mlangoni.

Mama Wanjugu

*

Kinoo,
2 Februari 2025

Kwako Bi. Wanjugu,

Habari ya huko. Mimi sijambo.

Tafadhali usinipitishie ntheo yangu kwenye tumbo la samaki. Kama ni samaki tuongee samaki.

Lakini kwa kuwa umeanza, wacha nimalize. Unajua kwa nini niliondoka? Sidhani umewahi kuniuliza. Ile Jumamosi ya Septemba nilitoka kazini nikaingia jikoni kuchukua kikombe, nikakuta rafu ya mama yangu ni nyeupe. Umeipaka rangi na kupanga glasi zako. Vikombe vyake vya bati, aproni yake, kile kitete chake, kibuyu cha uji alichopewa na nyanya, vyote hakuna. Nikakuuliza viko wapi. Ulikuwa unakata sukuma, hata hukugeuka. Ukasema, "Nilisafisha kidogo, nimepeleka kanisani kwa wenye shida." Nilisafisha kidogo! Mama alikuwa na miaka miwili tu kaburini.

Sikukasirika baba alipooa. Watu wanadhani ni hilo. Nilikuvalia nguo ya harusi, nikakushikia maua. Nilichokataa ni kuingia kwenye nyumba yetu na kukosa mahali pa kuweka macho. Na baba alisema nini? Alisema, "Ni vikombe tu, mzoeane." Kwa hiyo siku ya ntheo sitaki kuangalia kile kiti nikuone wewe. Siwezi. Ukitaka uniite mkaidi.

Chifu arudi majini sasa, siku tano zimepita zamani. Dume akikaa ndooni sana anadhoofika.

Nzisa

*

Jamhuri,
20 Machi 2025

Nzisa,

Hujambo wewe, na je, Nzioka hajambo? Nimekaa kimya wiki sita na zaidi. Niliandika barua tatu nikachana zote, kwa sababu kila moja ilikuwa inajitetea.

Nianze na Chifu, kwa huyo siogopi. Nilimrudisha siku niliyopata barua yako. Akawa vilevile! Anawakimbiza kama askari wa kanjo na wachuuzi. Nikasema basi huyu ni tabia, nimpelekee Jamleck. Lakini nikavuta kigoda, nikakaa. Unajua mimi sikai, wewe mwenyewe uliniona nakunywa chai nikiwa nimesimama. Nilikaa kila siku baada ya chakula cha mchana, kama wiki mbili hivi. Nikaona kitu. Vyungu nilikuwa nimevirudisha, ndiyo, lakini nimevipanga kwa mstari, vyote vinne vimeegemea kioo cha nyuma, vizuri kabisa, kama sahani kwenye kabati. Nilivipanga vinipendeze mimi. Chifu akisimama kona ya kushoto anaona tangi zima, hakuna aliyefichika.

Nikaingiza mkono tena, nikavileta katikati, kimoja huku kimoja kule, ule mti nikausimamisha. Ikawa ovyo, haipendezi hata. Siku ya tatu yule jike mdogo akatoka nyuma ya chungu, akapanda juu, akavuta hewa taratibu, akashuka. Chifu alikuwa upande wa pili, hakumwona. Nikamwita baba yako aje aone, akasema mbona unalia. Nikasema ni kitunguu. Sikuwa nimeshika kitunguu.

Sasa ile nyingine. Mume wangu wa kwanza, Gichuru, alikuwa na koti la kahawia, akilitundika msumarini nyuma ya mlango. Siku tuliyomzika nilirudi nyumbani, nikafungua mlango nikaukuta msumari peke yake. Shemeji yangu alikuwa ametangulia kurudi kupanga nyumba kwa sababu ya wageni. Alinisaidia, wote walisema hivyo. Sikumsalimia huyo mwanamke miaka minne. Na mimi niliyefanyiwa hivyo nikaja nikakufanyia wewe. Nilipochukua vile vikombe sikufikiri hata dakika moja. Niliingia nyumba ya watu nikiwa na hofu, nikaona rafu imejaa mtu mwingine, nikaogopa kwamba sitapata pangu. Ndio ukweli wake. Haukuwa usafi.

Nisamehe, Nzisa. Sina neno jingine la kuzunguka.

Nimevitafuta. Kanisani walinielekeza kwa mama mmoja wa Kawangware, Nyawira, aliyepewa lile boksi. Vikombe viwili amenirudishia, na aproni. Kitete kilipasuka mwezi wa Novemba, mtoto wake alikiangusha. Nililia mbele ya huyo mama wa watu mpaka akaniletea kiti. Vilivyobaki nimeviweka palepale rafuni, glasi zangu nimezitoa.

Na kuhusu tarehe ishirini na sita, nimemwambia baba yako nitakuwa Kinoo kwa dada yangu. Nitatoka hapa Alhamisi, nirudi Jumatatu, Kalekye akae apewe blanketi. Baba yako amegomba sana, lakini nimemwambia akiendelea kubisha atakuwa anapigania jina lake na si mimi, akarudi kwenye gazeti lake. Sikujaliwa mtoto, Nzisa, sijui hata hivyo viti vinakaliwaje. Ifanye ntheo yako.

Wanjugu

*

Kinoo,
4 Aprili 2025

Kwako Mama Wanjugu,

Hujambo? Na goti la baba? Mimi ni mzima, ila barua yako nimetembea nayo kwenye mkoba wiki mbili, nikiisoma kwenye chai ya saa nne, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa.

Pole ya lile koti.

Nimekusamehe, nadhani. Kichwa kimesamehe, tumbo bado linakuja. Sitaki kukudanganya. Baba alikuja hapa dukani Jumatatu, akanunua dawa ya goti ambayo haihitaji, akasimama pale kaunta. Akasema, "Wanjugu amenifundisha kwamba havikuwa vikombe tu." Basi, akaondoka. Mzee Hezekiah Kitonga kuomba msamaha! Nilimfuata nje nikamshika mkono mpaka kituoni.

Kuna kosa langu pia. Ulipoingia kwetu nilikushikia maua, halafu nikarudi nikafunga moyo. Mwaka mzima sikukuita jina lolote. Nikitaka chumvi nilikuwa nasema tu "chumvi iko wapi," kama naongea na ukuta. Nilikuwa nakuona ukitafuta pa kukaa na nikakuacha utafute.

Lakini kuhusu tarehe ishirini na sita, acha iwe ulivyosema. Nashukuru. Siwezi kukiangalia kile kiti, hapo sijafika.

Samaki sasa. Ukiona povu limejikusanya juu ya maji chini ya majani, USILIPANGUSE. Najua mkono wako. Hiyo ni nyumba anajenga Chifu ya kuwekea mayai, na akiwa nalo atawafukuza majike karibu na pale. Hapo hajawa mbaya, analinda. Muongezee majani, basi.

Nzisa wa Mukai

*

Dagoretti Corner,
24 Aprili 2025

Mama Wanjugu,

U hali gani? Naandikia kwenye karatasi ya dawa, niwie radhi, na kalamu inaisha.

Mama mdogo Kalekye amefika kutoka Machakos jana. Nilimweleza yote, hadi ya vyungu. Akanisikiliza, halafu akasema, "Nitakaa kiti cha Mukai kwa sababu ni dada yangu. Lakini mwanamke anayemfungulia baba yako mlango kila siku, yeye mmemwekea nini?" Sijapata amani tangu jana.

Kwa hiyo nimefikiria hivi. Kiti cha mama ni cha mama mdogo, hapo sibadilishi. Lakini nimewaambia akina Nzioka waongeze blanketi moja, na nimemwambia baba aweke kiti kingine mstari uleule, upande wake wa kushoto, ila sijamwambia ni cha nani, nataka usikie kwangu kwanza. Hicho ni chako. Hakikuwa cha mtu, hujamtoa mtu. Usiende kwa dada yako. Uje unipokelee mbuzi.

Ningekupigia simu, najua. Nimeishika simu mara tatu leo nikaona haya. Jamleck ameniahidi ataileta jioni hii mwenyewe.

Nzisa

*

Jamhuri,
28 Aprili 2025

Nzisa,

Hongera! Nimesikia ntheo ilifana, mbuzi wote watatu walikuwa wanene, na baba yako aliimba. Mungu akubariki na Nzioka wako.

Barua yako nimeipata leo saa sita. Nilikuwa nimeshatoka nyumbani ile Alhamisi asubuhi, kama nilivyoahidi. Jamleck alikuja jioni akakuta mimi sipo, na kwa sababu nilimkataza tangu Januari asimpe baba yako barua hata moja, akarudi nayo kibandani akaifungia kwenye droo, na wewe ulikuwa umeshachukua likizo ya ntheo. Ametii maskini. Leo nikishuka Dagoretti Corner akaniona, akakimbia nayo. Nimeisoma nikiwa nimesimama, mgongo kwenye matangi yake, watu wanapita. Nimeisoma mara mbili halafu nikaomba maji.

Sikujua, Nzisa. Naapa sikujua. Usidhani nilikataa.

Wacha nikuambie na hili, ingawa ni aibu. Ile Jumamosi, Kinoo, niliamka nikaoga, nikavaa lile gauni langu la zambarau na kilemba chake. Dada yangu akauliza unaenda wapi. Nikasema siendi mahali. Nikakaa nalo hivyo mpaka jioni, tukimenya njegere. Kila gari lililopiga honi upande wa barabarani nilikuwa nainua kichwa.

Nimefika nyumbani nimekuta blanketi limekunjwa juu ya kiti sebuleni, jekundu, bado lina karatasi yake. Nimemuuliza baba yako ni la nani. Akajificha kwenye gazeti, akasema yeye hajui mambo ya wanawake, niulize mwenye ntheo.

Basi nakuuliza. Na nieleze ukweli, kwa sababu siwezi kuacha kufikiria: kile kiti ulichoniwekea, alikaa nani?

Wanjugu

*

Kinoo,
30 Aprili 2025

Mama,

Sijaanza na salamu leo kwa sababu sijui kama mimi mwenyewe ni mzima. Jamleck ameniletea barua yako nikiwa na foleni ya wagonjwa, nikawaambia wasubiri.

Nilidhani umekataa. Nitakuambia hivyo hivyo. Saa tatu wageni wakaingia, saa nne, saa tano, naangalia geti. Nikasema moyoni, amejibu, na amefanya vizuri, nilichelewa. Ningepiga simu tu. Ningepiga simu!

Umeuliza alikaa nani. Hakukaa mtu. Viti vilipungua, ukweli ni kwamba wazee wawili wa akina Nzioka walikuwa wamesimama. Mama mdogo alitaka kuweka mkoba wake hapo nikamwondolea. Binamu yangu Shem akaja kukivuta, nikamshika mkono mbele ya watu mpaka akashtuka. Kiti kikakaa wazi kando ya baba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ikafika saa ya mablanketi. Mzee wao msemaji akamvisha mama mdogo la kwanza. Akachukua la pili, akakiangalia kiti, akauliza kwa sauti, "Na huyu wa hapa ni nani, na yuko wapi?" Baba akainamisha kichwa. Mimi siruhusiwi hata kuongea wakati ule, binti hukaa kimya wazee wakisema. Nikasimama.

Nikamwambia, "Ni mama. Ametoka kidogo, anarudi."

Yule mzee akakitandazia kile kiti blanketi, akakipa mkono, kama kuna mtu amekaa.

Binti yako,
Nzisa